Kabla Hajageuka

Madaftari aliyorudi nayo mchoraji Mfaransa Eugène Delacroix kutoka Moroko mwaka 1832 ni madogo, ya kuingia mfukoni mwa koti. Yalikuwa saba. Baadhi yamepotea, yaliyosalia yamo katika jumba la makumbusho la Louvre mjini Paris na katika jumba la Condé huko Chantilly, kaskazini mwa mji huo. Ukurasa mmoja unaweza kubeba wanaume watatu waliojifunika majoho, tao la mlango, shingo ya farasi, na maandishi ya mkono yaliyojipenyeza kila palipobaki nafasi, mengine yakipanda ukingoni kama msafara wa sisimizi. Wengi wa watu hao hawana macho. Wengine hawana viganja. Lakini aliyeketi ameketi kwelikweli: unajua nyonga zake ziko wapi chini ya lile joho, mgongo umeegemea nini, na kama yupo hapo tangu asubuhi au amepumzika kidogo tu aendelee na safari zake.

Watu wakisikia habari ya kumchora mtu, hufikiria sura. Pua ifanane, macho yafanane, mwenyewe akiona acheke aseme, "Ee, ni mimi huyu!" Mchoro wa haraka wa penseli una shughuli nyingine kabisa. Unatafuta uzito wa mwili umeangukia wapi, na mwili unafanya nini ili usianguke. Sura itasubiri zamu yake, na mara nyingi haifiki. Ndiyo maana ukurasa wa watu wasio na macho unaweza kuwa na uhai kuliko picha ya ukutani iliyomaliza kila ukope.

Delacroix hakutumwa Moroko kuchora. Ufaransa ilikuwa imeiteka Algiers mwaka 1830, na jirani yake, Sultani Moulay Abd er-Rahman wa Moroko, alikuwa na kila sababu ya kukosa usingizi. Mfalme Louis-Philippe akampeleka mwanadiplomasia kijana wa ukoo wa kikabaila, Charles de Mornay, kwenda kutuliza mambo. Mornay alitaka mwenzi wa safari, mtu wa mazungumzo, na Delacroix, wakati huo mwenye umri wa miaka 33, akachukuliwa. Meli yao, La Perle, iling'oa nanga Toulon tarehe 11 Januari 1832. Tarehe 24 walikuwa Tangier.

Wakafika, wakasubiri. Ramadhani iliingia mwanzoni mwa Februari, na safari ya kwenda kuonana na Sultani ikasogezwa mpaka mfungo uishe. Kwa mwanadiplomasia hiyo ni adha. Kwa mtu mwenye penseli ni neema iliyoshuka. Mji unaofunga kila mtu wa pwani anaujua: mchana watu hukaa. Wanaegemea kuta, wanajinyoosha barazani, wanafuata kivuli kinavyohama. Mwenye njaa hasogei ovyo. Hii ni dhana yangu tu, wala sina hati ya kuithibitisha, lakini nikiwatazama wale watu walioketi katika madaftari ya Tangier, naona ndani yake saa za alasiri za mwezi mtukufu, zile saa ambazo hata nzi hafukuzwi.

Tarehe 5 Machi msafara ukaondoka kwa farasi. Ukafika Meknes tarehe 15, na tarehe 22 Sultani akawapokea. Njia nzima mkono wa Delacroix haukutulia. Kwanza penseli, mistari michache. Kisha, pale ambapo rangi ingehitajika, aliandika jina la rangi: nyeupe hapa, buluu pale, njano kwenye ukingo wa vazi. Kuandika neno "nyekundu" ni haraka kuliko kuipaka, na farasi wa mbele hangojei. Rangi za maji zilikuja baadaye, alipopata mahali pa kukaa na maji ya kusuuzia brashi. Hivyo ukurasa mmoja una mikono miwili ya mtu yuleyule: wa mchana ulioharakishwa, na ule uliotulia, uliorudi kufuata maagizo ya mwenziwe.

Charles Baudelaire, mshairi aliyemhusudu sana, alisimulia katika makala aliyoandika mwaka 1863, Delacroix alipofariki, kwamba mzee huyo alimwambia kijana mmoja hivi: kama huwezi kumchora mtu aliyejirusha dirishani katika muda wa yeye kutoka ghorofa ya nne mpaka kufika chini, basi usitarajie kufanya kazi kubwa maishani. Nimejaribu kupiga hesabu. Kutoka ghorofa ya nne ya nyumba ya Paris mpaka kwenye mawe ya barabarani, mtu hutumia chini ya sekunde 2. Hakuna mkono unaoweza. Pengine ndilo alilokusudia: yule kijana aache kufikiria nguo na vifungo vya mtu anayeanguka, ashike ule mpindo wa mwili na basi.

Madarasa ya sanaa hutoa muda zaidi kidogo. Mtu anayechorwa husimama mbele ya wanafunzi, hushika mkao mmoja kwa sekunde 30, au dakika moja, au mbili, kisha hugeuka na kushika mwingine. Aliyeufanya mtindo huu uenee sana Marekani ni Kimon Nicolaïdes, mwalimu wa Art Students League ya New York, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1941, miaka mitatu baada ya kufa kwake. Aliwataka wanafunzi waache kuuliza kitu kinafananaje, waulize kinafanya nini. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza hulichukia zoezi hili. Sekunde 30 zinaisha yeye bado yuko kwenye sikio.

Dawa yake ni kuanza na mwili mzima. Mstari mmoja mrefu, kutoka utosini mpaka kwenye mguu unaobeba. Jaribu mwenyewe hapo ulipo: simama, kisha uhamishie uzito wote kwenye mguu wa kulia. Nyonga ya kulia imepanda. Bega la kulia limeshuka kuifuata. Kishimo cha koo kimesogea mpaka kikawa juu ya kifundo cha mguu huohuo, na ule wa kushoto umebaki kama mgeni, unagusa chini kwa adabu tu. Ukiyapata hayo matatu, nyonga, bega na koo, mtu wako amesimama hata kama hujamtia kichwa. Ukiyakosa, mchoree kope zote unazotaka, anaanguka.

Kwetu hapa hakuna haja ya kulipa mtu asimame. Nenda sokoni. Mchukuzi wa gunia amejikunja mbele, na wengi humchora amejikunja kwa sababu wanamwonea huruma. Si huruma, ni mizani: gunia liko mgongoni, na lazima uzito wake uje juu ya nyayo, la sivyo lingemvuta chali. Mama aliyejitwisha ndoo ya maji kichwani ni kinyume chake. Shingo na mabega hayatikisiki, kazi yote iko kiunoni kwenda chini, na penseli inayomchora iwe na mistari tulivu juu na mistari yenye shughuli chini. Fundi cherehani anayetumia mashine ya miguu ni somo zima: nyayo zinafanya kazi, mapaja yanajibu, kifua kimetulia, shingo imeinama juu ya sindano. Konda aliyening'inia mlangoni mwa daladala kashikwa na mkono mmoja na kisigino kimoja, vilivyobaki vyote viko nje barabarani. Msusi na anayesukwa usiwatenganishe. Mmoja ameketi kwenye kigoda, mwenziwe chini katikati ya magoti yake, na kwa penseli wale ni umbo moja lenye vichwa viwili. Wacheza bao ni wagumu kuliko wanavyoonekana, kwa sababu mwili umeganda na mkono unaruka.

Waliolala kwenye kivuko cha Kigamboni ni wepesi, ila uwahi. Safari yenyewe ni fupi.

Mkono nao una adabu yake. Anayeshika penseli kama anayetia saini atachora saini. Ishike mbali na ncha, iache ilale kidogo, na mwendo utoke begani, si kwenye vidole. Macho yakae kwa mtu kuliko kwenye karatasi. Auguste Rodin alilifikisha hili mwisho wake: katika uzee alichora wanamitindo wakitembea na kujigeuza chumbani kwake bila yeye kuondoa macho kwao, karatasi ikijitegemea chini ya mkono. Mwaka 1906, walipokuja Ufaransa wachezaji ngoma wa mfalme wa Kambodia, aliwaona Paris, akawafuata mpaka Marseille, akatoka na michoro ipatayo 150 kwa siku chache. Viganja vyao vilivyopindishwa nyuma vilimtia wazimu mzee wa miaka 65.

Na raba? Iache nyumbani. Nasema hivi nikijua wapo walimu watakaonuna. Mguu uliopata mistari mitatu una habari zaidi ya mguu uliofutwa ukachorwa mmoja safi, kwa sababu ile mitatu inaonyesha jinsi jicho lilivyotafuta. Leonardo da Vinci alimshauri mchoraji atembee na kitabu kidogo, awatazame watu wakiongea, wakigombana, wakicheka, awanase kwa mistari michache, na karatasi yenyewe iwe imetiwa rangi kiasi kwamba hawezi kufuta. Kikijaa, akihifadhi, achukue kingine. Maumbo na vitendo vya watu havina mwisho, na kumbukumbu haiwezi kuvibeba vyote.

Wakati wa Leonardo hakukuwa na penseli hii tuijuayo. Walichora kwa kalamu ya fedha juu ya karatasi iliyopakwa, mstari ukikaa umekaa. Grafiti safi, ya kukatwa kwa msumeno, ilichimbwa Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, tangu karne ya 16. Vita vya Ufaransa na Uingereza vilipokata biashara, Wafaransa wakabaki bila kitu. Nicolas-Jacques Conté, mchoraji na mvumbuzi, akachukua unga wa grafiti duni, akauchanganya na udongo wa mfinyanzi, akauchoma tanuruni, na mwaka 1795 akapewa hati ya uvumbuzi wake. Udongo ukizidi, penseli ni ngumu na mstari wake ni mwembamba wa kijivu. Ukipungua, ni laini na nyeusi. Hapo ndipo zinapopata maana zile herufi za H na B tunazoziona dukani bila kuziuliza. HB ya shuleni ni bahili kwa kazi hii: hata uikandamize vipi haitoi kivuli cha kushiba. Tafuta 2B au 4B, na uichonge kwa wembe au kisu ili ncha iwe ndefu, upate mstari mwembamba ukiisimamisha na ubavu mpana ukiilaza. Delacroix alizaliwa mwaka 1798, miaka mitatu baada ya hati ya Conté. Kizazi chake ndicho cha kwanza kukua na chombo hiki cha bei nafuu kisichohitaji kidau cha wino wala karatasi maalumu, chombo cha mtu aliye juu ya farasi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo vitabu vya sanaa hulipita kwa mstari mmoja. Watu wengi wa Tangier na Meknes hawakutaka kuchorwa. Delacroix mwenyewe aliwaandikia marafiki zake kulalamika kwamba imani za wenyeji zinamwia vigumu. Waliomfungulia mlango zaidi ni Wayahudi wa Tangier, kupitia kwa Abraham Benchimol, mkalimani wa ubalozi mdogo wa Ufaransa. Tarehe 21 Februari alialikwa kwenye harusi katika familia hiyo, akakaa akitazama ngoma, wanamuziki, na wageni waliobanana ngazini. Meknes mambo yalikuwa magumu zaidi. Hakuweza kutoka bila wa kumsindikiza, na matusi aliyasikia.

Wanahistoria wengi wa Ulaya hulieleza hili kama ushabiki wa dini. Dini ilikuwamo, sawa. Huku kwetu pwani mjadala wa sura ya kiumbe chenye roho hauhitaji kuelezwa. Kila msikiti una shekhe wa msimamo huu na wa ule, na wapo wanaoona umbo lisilo na sura ni jambo jepesi zaidi. Lakini mtu wa Meknes aliyemgeuzia Delacroix mgongo alikuwa na sababu nyingine iliyo wazi mchana kweupe. Mgeni huyu amekuja na ujumbe wa dola iliyomnyang'anya jirani nchi yake mwaka juzi, ana kijitabu mkononi, anaandika na kupima. Na wewe ungegeuka. Naipenda michoro ile, naitazama mara kwa mara, na bado nadhani waliogeuka walikuwa sahihi. Katika baadhi ya kurasa wamechorwa hivyohivyo, kwa mgongo, joho limeshuka mpaka chini. Kukataa kwao kumo ndani ya mchoro.

Kila anayechora hadharani atakutana na hili. Kanuni yangu ni nyepesi: akiniona, namwonyesha ukurasa. Akikasirika, naufunga na kuomba radhi. Akiutaka, nauchana nampa. Mara nyingi mambo huishia kwenye utani. Muuza samaki mmoja pale Feri aliutazama mchoro wake kwa muda mrefu, akauliza, "Sasa kaka, mbona macho umeninyima?" Nikamwambia mikono yake ndiyo iliyokuwa na kazi. Akaitazama mikono, akakubali, kisha akanishtaki kwa wenzake kwamba nimemchora bei ya jana. Wagonjwa, waliofiwa, walioshikwa na askari, hao siwachori.

Henry Moore, mchonga sanamu Mwingereza, alipitia mtihani mkubwa zaidi. Septemba 1940 ndege za Ujerumani zilipoanza kuipiga London usiku, maelfu ya watu walishuka kulala kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi. Moore alikwama usiku mmoja katika kituo cha Belsize Park, akawaona wamelala safu kwa safu, mdomo wazi, mkono wa mmoja juu ya mwingine. Alikuwa amechonga watu waliolala maisha yake yote, na hakuwahi kuona wengi hivyo. Baadaye alisema kitu pekee alichoweza kukifananisha na hali ile ni tumbo la meli ya watumwa iliyotoka Afrika kwenda Amerika. Hakutoa daftari mbele yao. Alizunguka, akasimama pembeni, akaandika maneno mawili matatu kwenye kipande cha karatasi: mkono huu umekaa hivi, blanketi limekunjwa hivi. Kesho yake, nyumbani, akachora kwa kukumbuka. Madaftari mawili yalijaa. Moja liko Makumbusho ya Uingereza. Si mistari ya haraka kama ya Delacroix. Michoro yake aliijenga kwa wino, kalamu za nta na rangi ya maji. Lakini uzito upo: kila aliyelala amebonyea sakafuni, na unajua bega lipi litamuuma akiamka.

Nimekuwa nikisema "daftari" kana kwamba ni kitu kimoja. Lipo daftari la kuonyesha na lipo la kufanyia kazi. Hokusai wa Japani alitoa vitabu vya michoro ya watu wanaooga, wanaopigana mieleka, wanaobeba mizigo, cha kwanza mwaka 1814, vikafika juzuu 15. Vile vilichorwa ili vichapwe, wanafunzi wajifunzie. Hakuna ubaya. Siku hizi, kwa simu iliyo mkononi mwa kila mtu, madaftari mengi yanazaliwa yakiwa ya aina hiyo: kila ukurasa umepangwa, umepambwa, umepigwa picha karibu na kikombe cha kahawa. Nakiri nayatilia shaka. Daftari ambalo kila ukurasa ni mzuri lina mwenyewe ambaye hachori kitu asichokiweza. La kazi lina miguu iliyokatika, watu waliosimama wakaondoka kabla ya kuisha, namba ya simu ya fundi bomba, orodha ya vitu vya dukani, na katikati ya hayo mgongo wa mtu mmoja uliokaa sawasawa mpaka unashangaa.

Delacroix hakuyaonyesha yake kwa umma. Alfred Robaut alipoorodhesha kazi zake zote katika kitabu cha mwaka 1885, alihesabu michoro 6,629, ukiacha picha za rangi 853, na madaftari zaidi ya 60. Wengi wa waliomjua kama bwana wa picha kubwa zenye moto na damu hawakujua ana ghala la karatasi namna hiyo. Waligundua Februari 1864, vitu vya karakana yake vilipopigwa mnada, miezi sita baada ya kifo chake.

Alizitumiaje kurasa za Moroko? Aliziacha zikae. Picha ya wanawake wa Algiers, iliyotokana na siku tatu alizokaa katika mji huo njiani kurudi, ilionyeshwa mwaka 1834. Ile harusi ya Tangier ilifika maonyeshoni mwaka 1841, miaka tisa baadaye. Sultani akitoka katika kasri lake la Meknes alingojea mpaka 1845. Katika shajara yake ya Oktoba 1853 Delacroix aliandika kwamba alianza kufanya jambo la maana na safari yake ya Afrika pale tu alipokwisha kuyasahau madogomadogo. Kabla ya hapo alikuwa akisumbuliwa na kupenda usahihi, jambo ambalo watu wengi hulidhania kuwa ndio ukweli. Maneno hayo, kutoka kwa mtu mwenye madaftari saba ya ushahidi, nayaona ya ajabu na ya haki. Mchoro wa haraka tayari ni usahaulifu wa kwanza: umeacha uso, umeacha vifungo, umeacha jina. Miaka inafuata na kuacha mengine.

Hapa Afrika Mashariki tumekuwa na wachoraji walioanzia moja kwa moja kwenye kukumbuka. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame mwaka 1923, alisomeshwa Makerere na Margaret Trowell, ambaye hakupenda wanafunzi wake waanze kwa kunakili kilicho mbele ya macho. Watu wa Ntiro, wanaobeba pombe ya ndizi, wanaolima, wanaovuna, hawana nyonga za kitabuni. Wanatembea mlimani kwa pamoja, wadogo, mgongo kwa mgongo. Anayetaka uzito wa mwili mmoja mmoja hatatosheka pale. Anayetaka uzito wa kijiji kizima ataupata. Nakumbusha hili ili tusije tukadhani njia ya Tangier ndiyo pekee iendayo mjini.

Turudi kwa Sultani. Picha ya 1845 ni kubwa, zaidi ya mita tatu na nusu kwenda juu, na leo ni mali ya jumba la Augustins mjini Toulouse. Abd er-Rahman yuko juu ya farasi, mwavuli wa kifalme juu yake, ukuta wa Meknes nyuma, askari na watumishi wamejaa. Alipoanza kuiwazia, mara tu baada ya safari, Delacroix alikusudia kumweka Mornay na ujumbe wa Ufaransa mbele ya Sultani. Lakini Agosti 1844 jeshi la Ufaransa lilipigana na la Moroko huko Isly na kulishinda, na picha ya Wafaransa wakipokewa kwa heshima ingekuwa kichekesho. Akawaondoa wote. Amebaki Sultani na watu wake, wanatazama kidogo pembeni.

Ni picha ya fahari, na mimi hunichosha. Kila mtu ndani yake amesimama kwa sababu mchoraji amemwambia asimame. Kwenye daftari waliketi kwa sababu walikuwa wamechoka, au wamefunga, au hawakuwa na pa kwenda mpaka adhana ya magharibi. Anayetaka kuyalinganisha hana haja ya nauli: tangu mwaka 2021 Louvre imeweka makusanyo yake, michoro pamoja, kwenye intaneti bila malipo, na kwa maonyesho ya ana kwa ana madaftari yenyewe hutolewa kwa nadra, kwani mwanga hula rangi za maji. Anza na walioketi. Waliosimama ni wagumu zaidi, na farasi uwaache mwisho.